Kakarwet ya Mama

Juzi nilisikia mashine ya kukata miti ikinguruma kwa jirani, na rafiki yangu, mimi mtu mzima nilikimbia na slipa. Alikuwa ameangusha kakarwet, ule mti wa maua mekundu, wa mwisho kwenye mtelemko wetu. Nikamwomba tawi moja. Akacheka. "Bosi, na mali yako yote bado unaokota kuni?"

Mali ninayo, sikatai. Niliacha shule darasa la tano, na leo hakuna mwalimu wala karani hapa Bureti mwenye nyumba kama yangu. Chai yangu inafika mpaka mlangoni. Lakini kakarwet imenishinda.

Zamani boma letu lilizungukwa nayo. Kabla ya mvua inamwaga majani yote, halafu inawaka maua matupu mpaka macho yanauma. Ndege wadogo wanapigania utamu, nyuki wanavuma, na sisi watoto tunafagia maua uwanjani huku tukinung'unika. Hapo ndipo mama anatoa mbegu ya wimbi. Kalenda hakuwa nayo. Alisema mti ukivaa nyekundu, ardhi iko tayari. Ule ugali wa wimbi, na mursik, maziwa yetu ya mgando, yenye harufu ya mkaa wa kibuyu, sijaonja kitu kama hicho katika hoteli yoyote, na nimelala hoteli kubwa.

Sasa macho ya mama yanaisha, na daktari amesema hakuna dawa. Hawezi tena kuuona uso wangu. Anachoona bado ni rangi kali, nyekundu zaidi. Ndiyo maana nahangaika hivi. Nimepanda matawi, nikayapa mbolea ya chai, nikayamwagilia asubuhi na jioni, mimi mkulima hodari. Yote yakaoza. Mama akapapasa ule uozo, akaniambia tawi la kakarwet hulazwa kivulini mpaka kidonda kikauke, ndipo lipandwe, kisha liachwe.

"Weri," akasema, yaani kijana wangu, "huu si mti wa chai."

Kwa hivyo tawi la jirani limelala stoo, linakauka. Hata likishika, maua ni kungoja miaka. Macho ya mama hayana miaka.

Jana aliniuliza kama kakarwet zimechanua. Nikasema bado, mvua imechelewa. Na mvua ilikuwa inapiga mabati, sote wawili tunaisikia.

"Haya," akasema. "Nigeuzie kiti niangalie upande ule."

Nikamgeuzia. Mbele yake, pale zilipokuwa kakarwet zetu, kulikuwa na chai tu, mpaka barabarani.