Wakufunzi wa Kuazima

Adventina alikuwa patitaimu mwaka wa saba sasa. Patitaimu, katika chuo kile binafsi cha ufundi pale Mwisenge, ni mtu anayefundisha ushonaji asubuhi, mchana anakimbilia chuo kingine Bunda, kesho Butiama, na muhula ukiisha anaambiwa asante, subiri simu. Ofisi hana. Vitambaa vyake vinalala kwa Marieta, mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, kando ya gunia la mkaa. Alitaka kitu kimoja tu: mkataba wa kudumu.

Wakaguzi walipotangaza kuja, Prosper, mwenye chuo na mkuu wake, mtu mwenye tai nyingi kuliko vitabu, akamwita.

"Siku hiyo usionekane, patitaimu. Diploma yako ya ualimu wa ufundi itatuchafua. Wale wanataka shahada."

"Shahada utazitoa wapi?"

"Hayakuhusu."

Akazipata kweli. Fred, muuza saruji wa Bunda, shahada mbili. Stanislausi, shahada moja na mabanda ya kuku. Wakavishwa vitambulisho shingoni, wakakalishwa ofisini kama maua ya plastiki. Adventina aliwaona kutoka kwa Marieta, akacheka. Kwao Butiama watu huazima ng'ombe kwa majirani kujaza zizi wakwe wanapokuja kukagua. Shida ya ng'ombe wa kuazima ni kwamba jua likianza kushuka, wanatazama njia ya kwao.

Wakaguzi wakachelewa. Mchana Fred akasema ana lori linashusha mzigo, akaondoka. Stanislausi naye akakumbuka kuku. Gari la wakaguzi lilipoingia getini, ofisini alibaki Prosper na tai yake.

Mkaguzi, mama mmoja mkavu, hata soda hakutaka. "Nionyeshe darasa la ushonaji likifundishwa. Na mwalimu awe amesomea ualimu wa ufundi. Diploma inatosha."

Prosper akavuka barabara mbio, jasho linamtoka.

"Dada Adventina, njoo haraka!"

"Leo nimekuwa dada? Si ulikuwaga unaniita patitaimu?"

"Acha utani, wameshakaa darasani!"

"Wakae. Mkataba kwanza."

"Nitakupa kesho, haki ya Mungu."

"Mungu mwache, yeye haajirigi. Wewe ndiye mwenye muhuri."

"Mkuu," Marieta akachomekea, "nikupimie uji ukiwa unafikiria?"

Prosper akarudi mbio ofisini, akaja na karatasi na muhuri. Adventina akaisoma taratibu, kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe mnadani, akamrudishia.

"Umeandika mwaka mmoja. Futa."

Akafuta, akaandika wa kudumu, akasaini, akagonga muhuri juu ya meza ya chapati. Ndipo Adventina akanyanyuka.

Darasani mkaguzi akamuuliza yuko hapo tangu lini.

"Kufundisha, miaka saba. Kuajiriwa, tangu nivuke barabara sasa hivi."

Prosper akakohoa. Mkaguzi akaandika yote mawili.