Vidole vya Wino Mwekundu

Bado nina hasira, na naandika leo leo kabla haijapoa.

Shangazi yangu, aliyekulia Bukoba pamoja na baba, kazi yake ni wadudu. Nyumba yake iko Kinyinya, na mezani kwake kulikuwa na mbawakawa wa mavi, mweusi, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba changu, aliyetoka msitu wa Nyungwe. Hakuwa na jina. Hakuna mtu aliyewahi kumwandika, na shangazi ndiye alikuwa anamwandika: urefu wake, vinyweleo vyake, pembe yake fupi, kila kitu. Walipatikana wanne, lakini huyu ndiye angebeba jina, wengine wakilinganishwa naye. Mimi nilipewa kazi ya kumchora, kwa sababu, alisema shangazi, "wewe maneno huna, lakini macho unayo."

Likizo nzima nilimchora, nukta kwa nukta, jicho moja kwenye hadubini. Siku ya kwanza niliogopa sana.

"Shangazi, miguu ya mbele imevunjika. Haina vidole." Hivyo ndivyo tunavyokiita kile kipande chembamba cha mwisho, chenye kucha.

Alicheka. "Haijavunjika, binti yangu. Ukoo wao huzaliwa hivyo. Mguu huo ni koleo, anachimbia. Vidole vya nini?"

Basi nikamchora kama alivyo.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wa bayolojia alitaka kila mtu alete mchoro wa mdudu wa kubandika ukutani. Shangazi akaniambia nipeleke kopi. Nilitoa kopi, nukta zote zikashikana zikawa doa jeusi. Nikapeleka mchoro wenyewe. Hapo kosa ni langu, sikatai. Na niseme ukweli: nilitaka watu wauone. Mimi ambaye hata nikiitwa kwenye mahudhurio naitika kwa kunong'ona, nilitaka wauone.

Ijumaa mwalimu akauinua mbele ya darasa.

"Huu mzuri," akasema. Moyo ukanipanda. "Lakini mvivu hamalizi kazi. Mdudu ana miguu sita kamili. Hii miwili, vidole viko wapi?"

"Sha, mdudu yako ni kilema!" akapiga kelele msichana ninayekaa naye dawati moja. "Ameanguka na moto!" Moto ni pikipiki, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu akachukua kalamu yake nyekundu. Akamchorea vidole. Viwili, vinene, kama soksi. Akaandika sita juu ya kumi, akaubandika ukutani kwa gundi ya karatasi, akaenda kwa mchoro wa pili. Nilikuwa nimesimama, mdomo wazi.

Nilipomwambia shangazi, alimgeuza mbawakawa chini ya hadubini. "Amemvalisha viatu," akasema, lakini hakucheka. Mbawakawa alitakiwa kurudishwa Jumatatu kwenye mkusanyiko wa wadudu alikoazimwa, na mchoro ulikuwa haujaskaniwa. Likizo nzima haiwezi kurudiwa kwa siku mbili. Jumamosi asubuhi tulienda umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, tukafyeka kando ya mtaro na majirani, kisha nikakaa kwenye hadubini hadi Jumapili jioni. Nilipata kumaliza mguu mmoja tu wa mbele. Mwili mzima utaonyeshwa kwa picha ya kamera. Kwenye maandishi ya shangazi, kazi yangu itakuwa mguu mmoja.

Jumatatu shangazi akaniambia niende mwenyewe kwa mwalimu. Nilienda chumba cha walimu na picha ya mbawakawa aliyopiga shangazi. Mwalimu aliitazama, akaisogeza karibu na dirisha, akaitazama tena.

"Kumbe kweli. Mbona hukusema?"

Mbona sikusema! Nafasi hiyo alinipa saa ngapi? Aliuliza viko wapi, na kabla sijameza mate kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Nitakurekebishia alama," akasema. "Lakini tuuache ukutani hivyo hivyo. Mtihani hauulizi mdudu wako. Wenzako watachanganyikiwa."

Yaani uongo ubaki ukutani kwa sababu umezoeleka, na mdudu wa kweli ndiye anayechanganya watu!

Nilirudi darasani nikaenda moja kwa moja ukutani. Nilibandua kona moja, rangi ya ukuta ikatoka nayo.

"Weh! Unafanya nini?" akauliza yule wa dawati langu.

"Hana vidole," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka, na watu wakageuka. "Hajavunjika. Hajaanguka na moto. Amezaliwa hivyo, na anachimba kuwashinda wote wenye vidole."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni, chaki mkononi. Niliubandua mchoro wote, nikaukunja taratibu mbele yake, nikakaa mahali pangu, naye akafungua kitabu na kuanza somo.