Jino la Siku Moja Ndani ya Eda

Jino langu lilipasuka katika mwezi wa pili wa eda. Sikuwa nimeuma kitu kigumu. Niliamka asubuhi, ulimi ukagusa ncha kali, nikatema kipande mkononi.

Mavyaa wangu, tunayekaa naye nyumba moja hapa Faza, ndiye aliyetuma mtu kwa shehe. Jibu likaja kwamba mwenye eda anaweza kutoka mchana kwa haja ya matibabu, lakini usiku lazima alale nyumbani kwake. Hapo ndipo palipokuwa na tabu. Marehemu mume wangu aliwahi kufunikwa jino kwa jino la bandia, na lilimchukua safari mbili: kipimo kilitolewa Amu kikapelekwa Mombasa, akangoja wiki mbili na zaidi. Mimi hata safari moja ilinitia hofu. Basi dada yangu anayeishi Amu akapiga simu, akasema amekuja daktari wa meno kwa juma moja na mashine zake, na jino unaondoka nalo siku ile ile.

Nilipanda boti ya asubuhi kwenye gati ya Mtangawanda. Nahodha alitwambia anarudi saa nane na hangoji mtu, kwa sababu maji yakipwa, ule mkondo mwembamba wa katikati ya mikoko haupitiki.

Daktari alikuwa binti, mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Aliniuliza kama ninasaga meno usingizini. Nikamwambia sijui, aliyekuwa akinisikia amekufa. Akatayarisha sindano ya ganzi.

Alipomaliza kukichonga kile kipande cha jino kilichobaki, alitia kinywani kijiti chenye kamera, akakizungusha taratibu. Jino langu likatokea kwenye kompyuta, kubwa kama kifuu. Juu yake akachora jingine, akalipunguza huku, akalijaza kule, akaligeuza kulitazama chini. Mimi hushona kofia za mkono, najua kichwa cha mtu hakikisiwi kwa macho. Nikamwamini.

Akaniwekea mdomoni vijino vya mfano nichague rangi. Dada, aliyefuatana nami, akaonyesha kile cheupe kuliko vyote. Nami nilikipenda, sitasema uongo. Nikachagua kilichofanana na meno yangu.

Kisha akafunga kijipande cha kauri ndani ya mashine. Maji yakawa yanaruka, sindano mbili zikikila kipande kutoka pande zote, na baada ya robo saa hivi akanitolea jino kamili. Lilikuwa la zambarau.

Nikaona hakunielewa, au ndiyo mitindo yao. Nikamshika mkono.

"Mwanangu, mimi ni mwenye eda. Sivai rangi."

Alinitazama, akamtazama dada, ambaye tayari alikuwa amejifunika uso kwa mtandio akicheka.

"Mama, hilo halijaiva," daktari akasema. "Likitoka motoni litakuwa rangi uliyochagua."

Akalitia katika tanuri dogo, na kweli lilitoka lina rangi ya jino. Lakini saa saba ilikuwa imepita. Alipolibandika kwa gundi na kuniambia niume, nilisikia linatangulia. Upande wa pili meno hayakukutana. Aliniuliza kama liko sawa. Ningesema ndiyo, ningekuwa njiani kwenda gatini. Nikafikiri nitalazimika kutoka tena ndani ya eda kwa ajili ya uongo wangu mwenyewe.

"Liko juu," nikasema.

Dada akatoka mbio kwenda kumsihi nahodha. Daktari akanipa karatasi ya buluu niiume, akasugua palipoingia alama, akanipa tena. Mara tatu. Hakuharakisha, nami sikumharakisha.

Nilipofika gatini, boti ilikuwa bado imefungwa. Baadaye dada alinieleza kwamba abiria walilalamika, mmoja akauliza wanamngoja waziri gani. Alipowaambia ni mwenye eda anayetaka kuwahi kulala kwake, wakakubali kungoja. Nilipoingia waliniachia nafasi kivulini. Tulipokwisha kutoka, bibi mmoja wa Siyu aliyekuwa mbele yangu akaniinamia.

"Haya, fungua kinywa, tulione hilo jino lililotuanika juani."

Nikafungua, na nikacheka. Kwa sauti, mdomo ukiwa bado mzito kwa ganzi. Tangu mazishi sikuwa nimecheka, na nilipojisikia niliona haya, nikageukia mikoko hadi tulipofika.

Pikipiki ilinishusha mlangoni jua likiwa bado juu ya mapaa. Mavyaa alikuwa ameketi tekani, pale mlangoni, uso umeelekea njia. Nilimwambia kila kitu, hata kwamba nimecheka mbele za watu, kwa sababu sikutaka alisikie kwa mwingine. Aliyekufa ni mwanawe.

Aliniangalia kinywani, akasogea kunipisha nipite.

"Umerudi kulala mwako," akasema. "Ingia ndani."