Benki Isiyotaka Heshima

Dada Gu Yeon-hui alikaa kaunta ya benki tangu usichana wake hadi tawi lao la Ansan lilipofungwa, likageuzwa duka la kuku wa kukaanga. Wengi tulidhani atakwenda kulea wajukuu. Yeye akaja kwetu Seoul, kwenye benki isiyo na mlango wala kaunta, inayowafungulia wageni akaunti kwa simu tu. Kazi yetu ni kuzungumza na mteja kwa video, aonyeshe uso na kitambulisho, kisha mashine inatoa hukumu. Mashine ile siipendi mpaka leo. Ina kiburi cha mtoto wa bosi.

Mchana mmoja wa mwisho wa mwezi Dada alimpata Sherali, kijana Mwuzbeki wa kiwanda cha ndoo za plastiki huko Hwaseong. Kwa kuwa hakuwa na akaunti, mshahara wake ulipitia kwa msimamizi, Bwana Noh, ambaye kila mara "alimtunzia" kiasi na hakukirudisha. Mhasibu wa kiwanda alikuwa amempa Sherali mpaka jioni alete akaunti yenye jina lake, la sivyo mshahara huu nao ungepitia kwa Noh. Na mashine yetu ikikukataa mara tatu, unafungiwa mwezi mzima.

"Shikamoo, mama," Sherali akasema, akainama mpaka mimi, niliyekuwa nakula meza ya pili, nikaona kisogo kwenye skrini.

"Marahaba, mwanangu." Dada naye, kwa mazoea, akainama. Nikabaki natazama visogo viwili vikiamkiana. Mashine haikuona uso. Ikakataa.

Wakajaribu tena. Kijana alijua mkubwa hapewi kitu kwa mkono mmoja, kwa hiyo akaegemeza simu kwenye mtungi wa kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, akatoa kitambulisho kwa mikono miwili. Simu ikaanguka. Tukawa tunatazama dari. Ikakataa.

Nilicheka, sikuweza kujizuia. "Dada, mteja wako ana adabu kuliko wanao!"

"Funga bakuli lako!"

Sherali alikuwa anatoka jasho. "Mama, ikikataa tena nimekwisha. Noh yupo hapo mlangoni anachungulia."

Dada huyu ndiye aliyewahi kuninunia wiki nzima kwa sababu nilimpa kahawa kwa mkono wa kushoto. Akashusha pumzi, akavua miwani.

"Sikiliza. Sasa hivi mimi si mama yako. Mimi mshikaji wako, tumekua mtaa mmoja. Umenisikia?"

"Siwezi, mama."

"Mama nani? Niite Yeon-hui! Nionyeshe hicho kitambulisho kwa mkono mmoja, kama unanipa kiberiti. Na hicho kichwa kikishuka tu, nakuja huko huko Hwaseong nikuzabe kofi!"

"Haya... Yeon-hui," kijana akasema, masikio mekundu. "Shika."

Uso ukatulia. Kitambulisho kikatulia. Dada alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa meza, na mimi nilikuwa nimeacha kutafuna. Mashine ikafikiri weee, mwishowe ikaandika: Karibu.

Dada akalia waziwazi, mbele ya meneja na sisi sote, na wala hakujali. Nilimpenda sana siku ile.

Sherali akaisoma namba yake ya akaunti. Kisha akageukia mlangoni, simu ikiwa bado mkononi, akapaza sauti.

"Bwana Noh! Asante kwa yote. Kuanzia leo mshahara wangu usinitunzie."