Mbwa Tisa wa Mama Uji

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa mpishi wa mbwa. Watu wakisikia hivyo hucheka, naye huwaacha wacheke mpaka wachoke. Kampuni ya ulinzi ndiyo iliyomwajiri. Asubuhi na jioni alipika sufuria kubwa la uji mzito wenye mifupa na dagaa, kwa ajili ya mbwa waliokwenda lindo na walinzi. Walinzi wakamwita Mama Uji, na jina likamganda.

Kwenye karatasi za kampuni mbwa walikuwa na namba. Yeye aliwapa majina. Karani alimnusa kila aliyeingia getini kana kwamba anamkagua vitambulisho. Shangazi aliwapangia wenzake nani ale kwanza. Mjomba alifika penye chakula hata kama hakuitwa.

Jumatatu moja meneja aliwakusanya wafanyakazi uani, akawaambia kampuni imefungwa na kiwanja kinarudi kwa mwenyewe baada ya siku kumi. Walinzi wakauliza kuhusu barua zao za kazi. Wifi akauliza kuhusu mbwa. Meneja alisema daktari wa mifugo atakuja Jumatano ya wiki inayofuata na sindano, kwa sababu hakuna atakayetaka mbwa waliofundishwa kuuma.

"Na nikiwapatia watu?" wifi aliuliza.

"Wote tisa?"

"Wote tisa."

Meneja alimwambia ajaribu, ila siku haziongezwi.

Nyumbani tunaishi vyumba vitatu: kaka na mkewe, watoto wao wawili, na mimi. Kaka ni seremala, na alipopata habari alisema papo hapo kwamba hapa halali mbwa.

"Sijaomba mbwa alale hapa," wifi alimjibu. "Nimekuja kuomba baiskeli."

Mimi naogopa mbwa tangu nilipong'atwa shavu la mguu nikiwa mdogo, lakini nina mwandiko mzuri, kwa hiyo alinitilia kalamu mkononi. Nilianza kuandika kwamba mbwa wote ni wapole na watiifu. Alisoma akichungulia begani kwangu, akaichana karatasi.

"Andika ukweli, wifi. Nikimdanganya mtu leo, kesho mbwa anarudishwa, na siku zenyewe ndizo hizo."

Basi nikaandika kwamba Shangazi ana miaka sita, anabweka sana na asiachwe karibu na kuku. Kwamba Karani hapendi pikipiki. Na kadhalika mpaka wa tisa. Tulibandika matangazo madukani. Kwa siku mbili hakuja mtu, ila mmoja aliyetaka kujua kama kuna mbwa anayeuma wakwe tu.

Alhamisi aliacha kungoja. Alikaa mezani akafikiri ni nani anayewajua mbwa hawa tayari, akakumbuka kwamba sehemu zote zilizolindwa na kampuni sasa zilikuwa hazina mlinzi wala mbwa. Akapanda baiskeli. Mwenye kiwanda cha mbao alichukua wawili, Mjomba akiwa mmojawapo. Gereji ilichukua mmoja. Muuguzi mstaafu anayeishi peke yake, ambaye zamani alikuwa zamu moja na walinzi hospitalini, alimtaka Shangazi kwa jina. Karani alichukuliwa na mlinzi wake mwenyewe, mtu aliyepoteza kazi kama wifi. Alisema hawezi kumwacha mwenzake aliyekesha naye miaka mitano. Jumamosi mwuza nyama alimpeleka dukani kwake mbwa mweusi anayeitwa Kivuli. Sita walikuwa wamepata kwao.

Jumapili wifi aliamua kuwatembelea, nami nikamfuata, nusu kwa upendo na nusu kwa umbea. Nyuma ya duka la nyama tulimkuta Kivuli amefungwa kwa waya mfupi kiasi kwamba hawezi kulala chini. Jua lilimpiga utosini na sahani ya maji ilikuwa imepinduka. Wifi alianza kufungua waya. Mwenye duka alitoka akiuliza inakuwaje mtu anapewa kitu kisha ananyang'anywa.

"Nilikosea mtu," wifi alisema. "Mbwa hana kosa."

Njiani nilimwambia kwamba amejirudisha nyuma, kwamba mbwa aliyefungwa angalau yuko hai. Alikuwa akisukuma baiskeli kwa mikono miwili, kwa hiyo alinikabidhi kamba ya Kivuli. Nilitembea hatua mia moja za kwanza bila kupumua. Kivuli hata hakunitazama. Alikuwa na kiu.

Jumatatu muuguzi alimtuma rafiki yake mwenye bustani ya miche, mwanamke wa maneno machache, naye akaondoka na wawili. Wakabaki Kivuli na Mzee.

Mzee alikuwa mkubwa kuliko wote na alikuwa na uvimbe tumboni. Jumanne alasiri alikuja mwalimu kijana aliyeguswa na sura yake ya mvi, akasema anamtaka huyo huyo. Mimi nilishusha pumzi. Wifi alitikisa kichwa.

"Huyu sikupi, mwanangu. Ana siku tatu hajala chakula changu, na kabla ya hapo hajawahi kukikataa. Nikikupa huyu nimekupa msiba. Mchukue huyu mweusi. Alionewa, lakini ni mzima."

Mwalimu alichuchumaa, akamngoja Kivuli aje mwenyewe. Ilichukua muda. Waliondoka pamoja.

Jumatano daktari alimpapasa Mzee tumbo kwa muda mrefu, akasema uvimbe umeshaenea na kilichobaki ni wiki chache za maumivu. Alimshauri wifi asubiri nje.

"Nitakaa," alisema. "Mimi ndiye mtu anayemjua."

Alikaa sakafuni na kichwa cha Mzee mapajani, akimwita jina mpaka mwisho. Alilia kidogo, akajifuta kwa khanga. Meneja alipokuja kupokea funguo alikuta vibanda vitupu vilivyosafishwa, na wifi akamwonyesha karatasi yenye majina ya mbwa wanane na nyumba walikokwenda.

Mambo hayakuwa laini baadaye. Yule wa gereji alitoroka mara mbili akaenda kulala kwenye geti la zamani, na mara mbili wifi alimrudisha, akakaa naye gerejini mpaka akazoea. Sasa wifi anapika katika shule moja, watoto mia tatu, na anasema mbwa walikuwa na shukrani zaidi.

Mwezi uliopita yule daktari alimpigia simu. Mpangaji amehama, ameacha mbwa wanne, na mwenye nyumba ametoa siku tano. Wifi alimwuliza wanaogopa nini na wamezoea kula nini, akaniashiria niandike.

"Mpaka Jumapili wawili wa kwanza watakuwa wamepata kwao," alimwambia, akakata simu.