Tulikwenda Kutembea Tu

Kwetu, upande wa binti hauendi kwa upande wa mwanamume. Wao ndio wanaokuja. Wanakuja na wazee wao, wanakaa, wanaulizia afya, wanazungumzia mvua, na wewe unajifanya hujui walichokifuata mpaka wakitaje. Haya nayajua kwa sababu baba na mama walipofariki nilibaki mimi, mkubwa, na wadogo zangu wawili. Kiti cha wazazi nilikikalia kabla miguu yangu haijafika chini. Shule niliiacha darasa la tano, na mambo ya desturi niliyasomea jikoni, nikimenya mihogo pamoja na kina mama.

Kwa hiyo mdogo wangu wa kike, anayeishi Columbus, huku huku Amerika, aliponipigia simu kuniambia kuna mtu, nilijua wajibu wangu. Mtu mwenyewe ni Mkongomani kama sisi, lakini alipelekwa Ufaransa akiwa mdogo. Siku hizi anakodisha mitumbwi kwa watalii kwenye bonde la mto Dordogne, mashambani kabisa. Walikutana Columbus kwenye harusi ya rafiki yao. Alikuwa tayari kuleta wajomba zake Louisville, kwangu. Tatizo likawa moja: nikikubali, mdogo wangu ndiye atakayehama, na atahamia huko.

Nikasema kabla hajaja mjomba yeyote, nataka kuona mahali ambapo mdogo wangu atalala. Mtu unamjulia kwake. Kina mama wa kanisa letu hapa Louisville, mtaa wa Beechmont, walishika vichwa. Mmoja aliniuliza tangu lini kifaranga kinakwenda kumsalimia mwewe. Nikamjibu kwamba hatuendi kwa mtu. Tunakwenda kutembea tu, kuangalia mto na ngome za zamani, kama wanavyofanya Wamarekani.

Na ili isiwe uongo, niliweka sharti. Tangu tunaposhuka kwenye ndege mpaka tunaporudi, hakuna kutaja ndoa, mahari wala ukwe. Mdogo wetu wa kiume, anayeishi Buffalo na kufanya kazi kiwandani Tonawanda, alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Akauliza huyo mtu sasa tumwite nani. Nikasema tumwite kiongozi wa watalii.

Tulikuwa na siku sita. Katika hizo siku sita ilinipasa kujua kama namwachia dada yangu aende au namkatalia, na yeye alijua hivyo. Alikuwa akinitazama usoni kila baada ya dakika kumi, kama mtu anayechungulia sufuria.

Kiongozi wa watalii alitungojea kituo cha treni na gari kuukuu lililojaa makafi ya kupigia mitumbwi. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniita mama, akasema karibuni kutembea. Hakutabasamu hata kidogo. Nikajua ameshafundishwa.

Kesho yake nilifungua sanduku langu na dada yangu akachungulia ndani. Palikuwa na vitenge vitatu vya kushonesha, vilemba vyake, na viatu vya kanisani.

"Yaya," akasema, maana ndivyo kwetu wadogo humwita mkubwa wao, "hizi ndizo nguo za kupandia mlima?"

Nilikuwa nimesema mtalii lakini nimefunga mzigo wa mkwe. Basi nikaipanda ngome ya kwanza na viatu vya kanisani, ngazi baada ya ngazi, kilemba kimesimama wima, na Wafaransa wakinipisha kwa heshima. Huko juu niliona bonde lote. Mto ni wa kijani, unapinda polepole kati ya mashamba ya miti ya jozi, na nyumba zimeegemea mwamba wenye rangi ya mkate uliotoka tanurini. Ng'ambo palisimama ngome nyingine, inatazamana na hii. Kiongozi akatueleza kwamba zamani wenye ngome hizo mbili walikuwa wakipigana.

"Majirani," akasema mdogo wangu wa kiume. "Kama mimi na yule wa ghorofa ya juu."

Siku iliyofuata nilikuta mlangoni raba mpya, saizi yangu. Nikazivaa. Tulikwenda kwenye pango ambamo watu wa kale walichora farasi na nyati ukutani. Mle ndani palikuwa na baridi kama chumba cha vyakula vilivyogandishwa kwenye ghala ninakofanya kazi, nikajisikia nyumbani. Siku ya nne tulikwenda sokoni. Tulionja mafuta ya jozi, jibini la mbuzi, na bata aliyepikwa kwa mafuta yake mwenyewe. Mdogo wangu wa kiume aliuliza pilipili iko wapi. Nikatoa chupa yangu kwenye mkoba, na mwenye meza akaionja kwa ncha ya kisu. Kisha akatafuta maji.

Nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Lakini kuhusu kiongozi wetu moyo wangu haukutulia, kwa sababu alikubali kila kitu. Alibeba mkoba wangu bila kuombwa. Nilimwambia mto wake unafanana na mto wetu wa Louisville, ambao ni mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na unapitiwa na mabehewa ya makaa yanayoelea. Akasema kweli, unafanana. Nilimwambia ngome zingependeza zikipakwa chokaa nyeupe. Akasema huenda. Kwenye kambi ya wakimbizi tulikokulia niliwaona wanaume wa namna hiyo. Wanainama mpaka siku ya harusi, halafu hawainami tena.

Nilimweleza hayo mdogo wangu wa kiume tukiwa tunaosha vyombo.

"Bon, yaya. Akikubali ni kosa, akikataa ni kosa. Donc, sasa afanye nini?"

Nikasema afanye anavyofanya mimi nikiwa sipo.

Siku ya tano ilikuwa ya mto. Mitumbwi ilikuwa imelazwa kifudifudi kwenye kokoto, ya plastiki, myekundu na ya manjano kama vitu vya kuchezea. Kiongozi alitugawia jaketi za kuokolea. Nikamwonyesha mtumbwi mmoja mrefu, nikasema sisi watatu tutapanda huu, yeye atangulie na mwingine. Sikufikiri, lilitoka lenyewe. Tulipokimbia Kongo, ziwa tulilivuka watatu katika boti moja, kila mmoja nimeshika upindo wa nguo yake. Kwenye ndege ya kuja Amerika tulikaa safu moja. Majini sisi hatugawanyiki.

"Hapana, mama," akasema.

Nilidhani hakunielewa. Nikarudia, kwa sauti ninayotumia kwa wadogo zangu.

"Nimekusikia. Hapana. Hujui kuogelea, na wao hawajui kupiga kafi. Mbele kuna daraja, maji yanavutwa kwenye nguzo. Utakaa na mimi. Wao waliosomea kuogelea shuleni watakaa wao wawili. Usipotaka, tunarudisha mitumbwi na kwenda kula."

Kisha akaketi kwenye kokoto, akaanza kufunga kamba za viatu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa akingoja, na ilionekana anaweza kungoja mpaka jioni. Dada yangu aligeuka rangi. Alinitazama, akamtazama, akatazama maji. Mdogo wangu wa kiume alipata ghafla jambo la kuchunguza kwenye kafi.

Nikaingia kwenye mtumbwi wake.

Alinikalisha mbele. Tukateleza chini ya miamba, nyuma yangu kafi likiingia majini bila kelele. Korongo wa kijivu alisimama kwenye kina kifupi na hakujali kupita kwetu. Nyuma yetu wadogo zangu walikuwa wakizunguka kama jani, wakilaumiana kwa Kiingereza. Wakagonga tawi la mti na yule wa kiume akapoteza kofia. Niligeuka nusu, nikapiga kelele kwamba amshike dada yake nguo.

"Waache," akasema yule mtu nyuma yangu. "Hapo maji ni ya magotini."

Nikawaacha. Baada ya kona walikuwa wameshanyooka.

Sharti langu lilikuwa bado linafanya kazi, kwa hiyo niliuliza kama mtalii. Nikamuuliza wakati wa baridi kijiji hiki kinakuwaje.

"Kinafungwa," akasema. "Mto unajaa, unakuwa wa matope. Watalii wanakwenda, maduka yanafungwa, na mimi ninaendesha basi la shule na kuziba mitumbwi iliyotoboka. Kuna siku unaongea na mtu mmoja tu, muuza mkate. Sitakuficha. Asiyeweza ukimya atalia hapa."

"Umemwambia nani hayo?"

"Kila anayetaka kujua," akasema, akapiga kafi mara mbili. Kisha akaongeza, "Huyo aliye nyuma yetu nilimwambia wa kwanza kabisa. Kabla ya mengine yote."

Tukapita chini ya daraja. Maji yalituvuta kweli, nguzo ikaja upande wangu. Nikashika kingo, na yeye akaniambia kwa ukali nitoe vidole. Nikavitoa. Tulipita. Nyuma yangu nilisikia wadogo zangu wakipita pia, wakipiga vigelegele.

Kwenye ufuo wa kokoto tuliposimama kula kuku wetu wa mchana, dada yangu alishuka amelowa mpaka kiunoni, akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa ameshika kafi kwa mikono miwili, akinichungulia usoni tena. Nikaona nimemngojesha vya kutosha, na kwamba sharti niliweka mimi, naweza kulivunja mimi.

Nikamgeukia yule mtu.

"Walete wajomba zako Louisville," nikamwambia. "Binti atakuwepo. Na mimi nitakuwa kwenye kiti cha wazazi."

Alivua kofia yake, akaivaa tena, akasema ndiyo, mama. Mdogo wetu wa kiume akamkumbatia na jaketi yake ya kuokolea, wakagongana kama mapipa. Dada yangu aliketi pale pale majini na nguo zake zote, akalia kidogo, akaniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba kuku anapoa, atoke aje kula.