Herufi Elfu Moja na Ishirini na Nne

Simu ya kiwanda cha mikate cha Jamleck Wachira, ghorofa ya tatu katika jengo moja nyuma ya River Road, siku hizi huita mpaka ikakatika yenyewe. Zamani haikuita mara mbili. Sauti ya Peres ingekuwa imeshaipokea, nzito kidogo, isiyo na haraka: "Wachira Mikate, nakusikiliza." Wenye maduka wa upande wa magharibi wa jiji waliijua sauti hiyo kwa miaka kumi na tisa, na wengi wao hawakuwahi kumwona mwenyewe. Sasa pale mezani pake pamewekwa mtungi wa maji ya kunywa na marundo ya risiti za mafuta ya magari, na anayepita hupita tu.

Peres alitoka Ugenya na cheti cha kidato cha nne, akapanga chumba Waithaka, akamlea binti yake hapo. Hakuwa mtu wa kujisifu. Kazi yake aliifanya kwa namna moja tu. Mteja akipiga simu, alimuuliza kwanza, "Una vitu vingapi leo?" Akiambiwa saba, aliandika saba pembeni, na hakukata simu mpaka vitimie saba. Kisha alisema, "Narudia," akamsomea mteja oda yake yote tangu mwanzo. Wenye haraka walimkasirikia. Mikate yao ilifika.

Miaka miwili iliyopita Wachira aliamua kwamba oda zipite kwenye kompyuta. Programu iliandikwa na Quincy, kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye akili nyingi na adabu ya kutosha. Kila depo, yaani ghala la kusambazia mikate mtaani, ilipewa kompyuta yake. Karani wa depo aliandika orodha ya maduka na kreti yanazotaka, akabonyeza kitufe, na orodha ikasafiri hadi kompyuta moja kule mjini ambayo Quincy aliiita seva. Seva ilijibu kwa neno moja, SAWA, na printa ya kiwandani ikatoa karatasi ya wapakiaji. Simu haikuhitajika tena. Peres alihamishiwa depo ya Waithaka, akawa karani wa kuandika orodha.

Mwezi haukuisha kabla ya lawama kuanza. Kila Ijumaa, siku orodha inaporefuka kwa oda za wikendi, vibanda vya mwisho kwenye orodha, vile vya kuelekea Mutuini, vilikosa mikate. Vingine vilipata kidogo mno. Wangeci, mwenye kimojawapo cha vibanda hivyo, aliagiza kreti kumi na nne za wikendi akaletewa moja.

"Peres, mimi nimekukosea nini?" aliuliza, mikono kiunoni, mbele ya madereva. "Kanisa lina harambee kesho. Niwauzie nini, mifuko mitupu?"

"Niliandika kumi na nne."

"Basi hizo kumi na tatu zimeliwa na nani? Na kompyuta?"

Madereva walicheka. Peres hakucheka. Alijua alichoandika, na alijua pia kwamba kujua kwake hakukuwa na shahidi.

Wachira alikuja mwenyewe Jumatatu. Aliwaita madereva, wapakiaji na wenye vibanda waliokuwa karibu, akamsomea Peres barua mbele yao wote. Ilisema kwamba kwa uzembe wake katika kuandika oda aliiletea kampuni hasara na aibu, na kwamba anakubali kosa hilo. Chini palikuwa na mstari wa sahihi.

"Weka sahihi hapa tuendelee na kazi," Wachira alisema. "Si kesi. Ni utaratibu tu."

"Sitaweka."

"Peres."

"Boss, miaka kumi na tisa hukuwahi kuniita mzembe. Umeniona nikiandika oda kwa makosa lini? Sitaweka sahihi."

Wachira alikunja barua. "Ijumaa ya wiki ijayo nataka hii karatasi ikiwa na jina lako, au nataka meza hii ikiwa tupu."

Quincy, aliyekuja naye, alibaki nyuma kidogo. "Auntie, usichukulie vibaya," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo programu nimeijaribu mimi mwenyewe. Nimeijaribu na orodha ya Spring Valley, haijawahi kukosea hata mara moja. Hata leo haikosei. Inakosea kwako tu."

Inakosea kwako tu. Maneno hayo yalimkaa Peres kifuani kama mwiba wa samaki. Lakini ndani yake mlikuwa na kitu cha kushika. Depo ya Spring Valley ilihudumia maduka sita. Waithaka ilihudumia vibanda arobaini na viwili. Akatoa kwenye droo karatasi zote ambazo wapakiaji walikuwa wamemrudishia, akaziweka kando ya nakala za alichoandika yeye, akaanza kuhesabu. Hakuhesabu mikate. Alihesabu herufi, moja moja, kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayechambua mchele.

Mara ya kwanza hesabu hazikulingana: mia nane na kumi, mia nane na arobaini. Alifikiri kidogo, akagundua kwamba alikuwa ameruka nafasi kati ya maneno. Kompyuta hairuki kitu, alijiambia. Nafasi nayo ni herufi, hata mwisho wa mstari. Akarudia. Karatasi ya kwanza ilikatika kwenye herufi ya elfu moja na ishirini na nne. Ya pili, elfu moja na ishirini na nne. Alipofika ya tano aliacha kuhesabu na akaanza kucheka peke yake. Hakuna mzembe anayekosea mahali pamoja mara tano.

Musembi ana chumba Adams Arcade anamotengeneza kompyuta na kufundisha watu wazima kuandika programu. Jumamosi hiyo Peres alimwekea namba mezani bila kusalimu sana.

"Elfu moja na ishirini na nne," Musembi alisoma, akatabasamu. "Madam, nani amekupa hii?"

"Nimeihesabu."

"Kwa mkono?"

"Kwa nini, kuna njia nyingine?"

Peres akamweleza kisa chote, na Musembi akavuta kiti. Akamwonyesha jinsi seva inavyofanya kazi: hufungua soketi, yaani tundu lake la mawasiliano, hushika namba yake ya mlango, hutulia ikisikiliza. Mteja, ambaye ni kompyuta ya depo, naye hufungua soketi yake, hupiga kwenye anwani ile na mlango ule. Seva ikikubali, njia hufunguka kati yao, na maneno hupita huku na huku mpaka mmoja afunge.

"Hii ni simu," Peres alisema. "Anwani ni namba ya jengo. Mlango ni namba ya ndani. Kukubali ni kuinua mkono wa simu. Umenipeleka shule kunifundisha kazi yangu."

"Sasa sikiliza tofauti. Maneno hayaji kama barua iliyofungwa kwenye bahasha. Yanakuja kama maji kwenye bomba, hayana mwanzo wala mwisho. Seva inachota kwa ndoo. Huyo kijana wako ameipa ndoo ya kawaida ya waandishi wa programu, ya herufi elfu moja na ishirini na nne. Ikachota mara moja, ikasema SAWA, ikafunga bomba."

"Na zilizobaki?"

"Zilifika. Mtandao haukupoteza kitu. Ni seva iliyoondoka mezani kabla mtu hajamaliza kusema."

Katika kosa lote lile, hilo ndilo lililomuuma Peres zaidi: kwamba kitu kilichopewa kiti chake kilikuwa kinajibu SAWA kwa watu ambao hakijawasikiliza hadi mwisho, na yeye ndiye aliyetakiwa kuomba msamaha kwa niaba yake.

Alikaa na Musembi hadi alasiri, akarudi siku ya pili baada ya kanisa. Aliandika programu mbili ndogo kwa vidole viwili, moja ya kusema na moja ya kusikiliza. Ya kusema ilianza kwa kutaja urefu: nina herufi elfu moja mia nne na sita. Ya kusikiliza ilichota, ikahesabu, ikachota tena, na haikuthubutu kusema SAWA mpaka herufi ya mwisho imefika. Kisha ilirudia orodha nzima kwa aliyeituma.

Ijumaa ya barua alipanda ngazi za ghorofa ya tatu akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Wachira alikuwa ameshaweka kalamu juu ya karatasi.

"Kabla ya hiyo," Peres alisema, "Quincy, keti. Hii ni orodha ya Waithaka ya leo. Iandike wewe. Mimi sitagusa kitu."

Quincy alimtazama Wachira, akaketi, akaandika. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Mstari mmoja wa kuelekea mwisho aliusoma kwa sauti: "Wangeci, kreti kumi na nne." Akamaliza orodha, akabonyeza. Kioo kikajibu SAWA. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi. Peres hakuichukua. Alimwachia Wachira.

Wachira alisoma mpaka chini. "Wangeci, kreti moja," alisema polepole. Ile 14 ilikuwa imekatwa katikati, ikabaki 1, na chini yake palikuwa peupe.

"Huyo mzembe ni nani leo?" Peres aliuliza.

Quincy aliuficha uso mikononi. "Nilijaribu na Spring Valley," alisema. "Orodha yao ni fupi. Kila kitu kiliingia mara moja. Auntie, aki nisamehe."

"Wewe nimekusamehe. Si wewe uliyenisomea barua."

Wachira alikunja ile barua, akaichana vipande vinne, akavitia kwenye kikapu cha takataka. Alionekana kufurahi kwamba jambo limekuwa dogo. "Basi yameisha. Quincy atarekebisha. Na wewe utarudi hapa mjini, kwenye meza yako. Tumekuelewa."

"Sijamaliza. Ile barua uliisoma Waithaka. Utakuja Waithaka useme mbele ya watu wale wale kwamba kosa halikuwa langu."

"Peres, nimekurudishia heshima yako hapa. Mbele yetu sisi watatu."

"Uliivunja mbele ya watu wangapi?"

Wachira alitazama dirishani, kama mtu anayesubiri gari. Alisema kwamba mwajiri hawezi kwenda kusimama mbele ya wenye vibanda na kujieleza, wateja watasema nini. Alisema atatuma ujumbe kwa depo zote kwamba kulikuwa na hitilafu ya mtandao.

"Mtandao ulifanya kazi yake. Usiusingizie na wenyewe."

"Unataka nini basi? Nipige magoti?"

"Nataka useme ukweli kwa sauti ile ile uliyosemea uongo."

Wachira akavuta faili jingine, akalifungua. Peres aliweka funguo za depo mezani, juu ya kalamu. Kwenye ngazi Quincy alimfuata, akamuuliza, kwa haya, jinsi alivyoifanya yake isikatike. Peres aliegemea ukuta akamweleza yote, taratibu, mpaka akahakikisha ameelewa, kwa sababu wenye vibanda walikuwa bado wanahitaji mikate. Kisha akashuka. Jumatatu alipita Mutuini kibanda kwa kibanda na karatasi zake tano, akawaonyesha herufi zilipokatika. Wangeci alimsikiliza hadi mwisho, akamwandalia chai, akawaita wenzake waje wasikie na wao.

Wachira hakuwahi kwenda Waithaka kusema lolote. Peres yuko Adams Arcade, ghorofa ya kwanza, chumba kimoja cha kazi na Musembi, anakoandika na kutunza programu ya kupokea oda za maziwa za ushirika wa wafugaji wa Waithaka.